Vidonge Visivyo na Jina

Tarehe 4 Februari

Kaka,

Salamu kwako, kwa wifi na kwa mapacha. Huku tunaendelea. Mwanangu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akiongea anapiga mluzi. Shemeji yako amepandishwa cheo, maana yake anachelewa kurudi kuliko zamani. Oda za mapazia zimejaa karakana hadi mlango hauonekani.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu unanikatia. Mwanzoni ulisema mtandao wa huko kambini ni mbovu, nikaamini. Jumapili umenikatia neno likiwa mdomoni, na nyuma yako nilikuwa nasikia redio inaimba vizuri kabisa. Barua haikatiki katikati. Kaa chini uisome.

Majibu ya vipimo vya Baba yametoka. Figo zake zinafanya kazi kiasi cha theluthi tu. Daktari anasema kisukari na presha vimekuwa vikizitafuna kwa miaka bila kelele. Si kwamba anakufa kesho. Theluthi hiyo ikitunzwa anaweza kuishi nayo miaka. Shida iko kwenye dawa. Dawa ambayo mimi na wewe tukimeza inatoka, kwake inabaki mwilini na kulundikana, kwa sababu figo ndizo zenye kazi ya kuitoa. Kwa hiyo kidonge kimoja cha sukari wamekiondoa, kingine wamekikata nusu, na cha kukojoza wameongeza. Dawa za maumivu ya viungo, zile zinazouzwa kila duka, ni marufuku kwake, ziwe sindano au vidonge. Mitishamba marufuku. Hata ile chumvi ya kopo wanayosema ni nzuri kwa wenye presha, asiiguse.

Daktari wake ni mama mmoja mfupi, hacheki ovyo. Alitaka kumwambia Baba palepale, mgonjwa akiwa kwenye kiti na koti lake amevaa. Mimi ndiye niliyemwomba asubiri, kwa kuwa wewe ulishasema mambo makubwa ya Baba yapite kwako kwanza. Haya, yamepita kwako. Sema.

Mdogo wako,
Pilipili


Tarehe 1 Machi

Mdogo wangu Pilipili,

Barua yako nimeipata pamoja na makonde yake. Wifi yako anakusalimu sana. Mapacha walishikwa na surua, mmoja akaanza, mwenzake akaona asipitwe; sasa wamepona wanavunja vyombo. Kazi ni nzito. Tunavusha nyaya za umeme juu ya korongo na upepo wa huku hauna adabu.

Kuhusu Baba: asiambiwe. Mambo ya Mama unayakumbuka. Daktari alitupa mwaka mzima na zaidi, lakini Mama alipoambiwa tu kwamba ana uvimbe akageukia ukuta, na kabla ya mwezi kwisha tulikuwa tunapokea watu wa rambirambi. Lile neno ndilo lililomuua. Sitaki kulisikia tena ndani ya nyumba ile. Mwambie Baba presha imepanda kidogo. Presha anaijua, wameshazoeana.

Na kwa kuwa mzee anasoma kila chenye maandishi, mpaka kopo la maziwa, vitoe vidonge kwenye maboksi yake na uvitie kwenye vichupa vitupu. Makaratasi ya maelezo choma. Wewe utakuwa unampa kwa mkono wako, yeye anameza, basi. Huyo daktari mwambie familia imekata shauri.

Mimi ndiye mkubwa. Lawama zikija, zije kwangu.

Kaka yako


Tarehe 22 Machi

Kaka,

Wote wazima, salamu zimefika. Mwanangu anauliza kama surua inaweza kuja kwa barua, nimemwambia kutoka kwako linaweza kuja lolote.

Nimefanya ulivyosema. Nataka ujue nimefanya nikiwa na hasira, na hasira hiyo bado ninayo. Nimechukua vichupa vya jemu, nimevichemsha, nimevikausha, nimetia vidonge. Cha asubuhi kina kifuniko chekundu, cha mchana cheupe, cha jioni cha bluu. Maboksi nimeyachoma nyuma ya karakana kama mwizi anayechoma nguo alizoiba.

Umesahau baba yetu ni nani. Amefanya kazi ya kukagua mizani ya maduka mpaka akastaafu. Mtu aliyekuwa akiingia buchani na mawe yake ya kupimia na wauzaji wote wanakaa wima, leo unataka nimpe vidonge bila jina naye ameze tu? Siku ya kwanza alikiinua kichupa chekundu akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Akauliza kinaitwaje. Nikasema ni cha presha. Akauliza cha presha kipi. Nikasema kipya. Akauliza mbona kile cha sukari cha zamani sikioni, nikasema sukari yake imekuwa nzuri. Akafurahi, Kaka. Alifurahi kweli, akataka kuongeza asali kwenye uji. Nikamnyima na nikashindwa kumpa sababu, tukanuniana mpaka jioni.

Daktari nimempelekea ule uamuzi wa familia. Alivua miwani, akaniuliza familia ni nani, na mgonjwa mwenyewe yumo au hayumo. Akaniambia mtu mwenye figo kama zile ndiye mlinzi wa kwanza wa figo zake, kwa sababu kila aendako atauzwa au atapewa kitu, na mimi sitakuwepo kila aendako. Nilibaki natazama viatu vyangu kama mtoto wa shule.

Njoo. Siku mbili tu. Kaa naye mezani umdanganye mwenyewe uone ladha yake. Goti lake la kulia linamsumbua tena, nampa ile dawa ya kawaida ya homa aliyoruhusu daktari, na anasema haimsaidii kitu.

Pilipili


Tarehe 6 Mei

Mdogo wangu,

Samahani kwa kuchelewa. Wote hatujambo. Kazi haijanipa nafasi ya kukuna kichwa, nguzo mbili zilianguka na mkubwa wangu anataka kujua kwa nini, na kwa nini zote mbili zilikuwa zangu.

Nitakuja Juni, nyaya zikivuka. Mpaka hapo shikilia hapohapo. Naona Baba ameendelea vizuri kwa miezi hii, wewe mwenyewe hujasema lolote baya, kwa hiyo njia inafanya kazi. Kuhusu goti, mchue kwa maji ya moto.

Usimsikilize sana yule daktari. Madaktari wanapenda kusema kisha wanaenda nyumbani kwao.

Kaka yako


Tarehe 10 Juni

Kaka,

Leo salamu utanisamehe.

Baba yuko hospitali tangu Alhamisi. Amewekewa mpira shingoni, damu yake inatoka, inapita kwenye mashine, inasafishwa, inarudi. Anatetemeka kwa baridi chini ya mablanketi mawili. Nakuandikia nikiwa kwenye benchi nje ya chumba hicho, na mlango una kioo, kwa hiyo usifikiri nimesimuliwa.

Ilivyokuwa ni hivi. Goti lilimzidi. Mimi nilikuwa nimepeleka mapazia ya ukumbi, akaona asinisumbue, akavaa koti lake, akatembea mpaka zahanati ya kona. Kijana wa pale ni mstaarabu na anajua kazi yake, nimemhoji mwenyewe nikiwa nimekuja tayari kumrarua. Kabla ya kumpa chochote alimuuliza: una vidonda vya tumbo? Baba akasema sina. Kuna dawa inayokudhuru? Akasema hapana. Una tatizo la figo? Baba akasema sina. Kijana akamuuliza anatumia dawa gani. Baba akatoa vichupa vyako mfukoni, chekundu, cheupe na cha bluu, maana alikwenda navyo makusudi ili aulizwe vizuri. Kijana akavigeuza huku na huku, hakuna herufi hata moja. Baba akamwambia zote ni za presha. Basi akamchoma sindano ya maumivu na kumpa vidonge vya wiki nzima, vile vilevile vilivyokatazwa.

Goti likapoa. Alirudi anatembea kama kijana, na hakuniambia kwa sababu alitaka nifikiri amepona kwa maji yako ya moto. Kisha miguu ikaanza kuvimba. Mkojo ukapungua, akaona haya kuniambia. Akaanza kutapika. Nikadhani ni chakula. Chakula hakili, na mimi kila asubuhi nampa kidonge chake cha sukari kwa mkono wangu, kama ulivyoagiza, nacho kinaingia na hakitoki. Alhamisi nilimkuta mezani amevaa kiatu mkononi, anambishia muuza nyama ambaye hayupo kwamba mizani yake inaiba. Jasho linamtiririka. Sukari ilikuwa imeshuka chini kabisa. Hospitali wakamtundikia maji ya sukari, akarudiwa na akili, ndipo walipopima damu wakakuta potasiamu imepanda mpaka wakaweka mtu wa kuutazama moyo wake usije ukasimama.

Daktari alivishika vile vichupa akauliza mbele ya wauguzi wote ni nani aliyetoa majina. Nikasema ni mimi. Jina lako sikulitaja. Usidhani nilikuficha kwa upendo. Nilishindwa tu kusimama pale nikasema niliambiwa, mtu mzima kama mimi.

Juni imefika. Uko wapi?

Pilipili


Tarehe 2 Julai

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako nikaiweka, nikaisoma tena. Namshukuru Mungu Baba amevuka, wifi yako alivyoniambia baada ya kukupigia. Mapacha wanamwombea babu yao.

Sasa tuseme ukweli. Mzee unamwachaje peke yake mchana kutwa ukijua hali yake? Kidonge cha sukari unampaje mtu asiyekula? Hilo hata mimi fundi wa nyaya nalijua. Na kile kijizahanati lazima tukishtaki. Huwezi kumdunga mzee sindano bila kumpima. Nitafutie jina la mwenye nacho, nitaandika barua itakayowafungia mlango.

Kuja siwezi kwa sasa. Korongo halijaisha. Baba bado asiambiwe, hasa sasa akiwa dhaifu. Mwambie ile mashine ni ya kupunguza presha.

Kaka yako


Tarehe 21 Julai

Kaka,

Nimemwambia.

Barua yako ilinikuta karakana. Nilipofika pale pa mashine ya kupunguza presha, nilikata kitambaa cha mteja mahali pasipostahili, nikaweka mkasi chini, nikaenda nyumbani. Laiti ungemwona! Mtu aliwekewa mpira shingoni, akalala hospitali safu moja na wagonjwa wengine saba waliokuwa wakizungumza figo asubuhi hadi jioni, na wewe uko juu ya nguzo unafikiri bado hajui kuna jambo. Alikuwa ananisubiri tu nifungue kinywa. Alisema alikuwa anahesabu itachukua muda gani.

Nilimweleza yote, kuanzia Februari. Hakugeukia ukuta. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wenye maduka, mikono juu ya magoti. Nilipomaliza akasema maneno ambayo nayaandika kama alivyoyasema, kwa sababu nusu ni yako.

"Nimeingia maduka mangapi nikamwambia mtu usoni kwamba mizani yake ni mbovu? Wengine walilia. Hakuna aliyekufa. Yule kijana wa zahanati aliniuliza vizuri, nami nikamjibu uongo. Mimi. Sijawahi kumdanganya mtu aliye kazini kwake, na nyinyi wanangu mmenifanya nidanganye kwa mdomo wangu mwenyewe."

Akaniuliza ni nani aliyesema asiambiwe. Nikanyamaza. Akasema kimya changu anakijua tangu nikiwa na umri wa mwanangu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Figo zake zimerudi, lakini hazikurudi pale zilipokuwa. Hata ile theluthi imemegwa. Mashine wameiondoa kwa sasa, ila daktari anasema siku itakuja atakapoihitaji moja kwa moja, na anataka amtengeneze mapema: upasuaji mdogo mkononi, mishipa miwili iunganishwe, ikomae polepole, ili siku hiyo ikifika pawe na mahali salama pa kuingilia. Bila hivyo atarudi kwenye mpira wa shingoni, na mpira ule unaleta maambukizo yanayoua watu kuliko figo zenyewe. Baba amekataa kutia sahihi. Hasemi haogopi wala hasemi anaogopa. Anasema hawezi kujua ni nini kingine kimefichwa. Anasema aliyeamua asiambiwe ndiye amwambie. Mpaka hapo, mkono wake hauguswi.

Nimemsihi, daktari amemsihi. Ameketi na koti lake.

Na kwa kuwa wewe hutalisema, ngoja nilitapike mimi. Wewe ndiye uliyemwambia Mama. Daktari alipoogopa kuingia, uliingia wewe, ukakaa kitandani ukamwambia, na tangu siku ile umejipa uuaji. Hakuna aliyekupa, umejipa mwenyewe, ukatoroka nao ukapanda juu ya nguzo. Mama alikuwa ameacha kula kabla hujafungua mdomo. Mimi ndiye niliyekuwa nikirudisha sahani jikoni zimejaa, wewe ulikuwa hata hujarudi kutoka safari. Ungeniuliza ningekwambia. Hukuniuliza. Ulinipa amri tu, na mimi kama bwege nikazitii, na Baba amelipa.

Zahanati hatuishtaki. Ukiandika barua ya kuwafungia mlango nitakwenda kuwa shahidi wao.

Pilipili


Tarehe 12 Agosti

Pilipili,

Ndani kuna bahasha ya Baba. Usiifungue.

Nimeiandika nikaichana, nikaiandika tena. Vijana wa kambi wanafikiri naandika wosia. Hii ndiyo iliyobaki, sijui kama inatosha.

Ya Mama nimeyasoma. Sijui niseme nini juu yake, kwa hiyo sisemi. Ya kukuachia wewe jina baya mbele ya wauguzi, hilo nalijibu: lilikuwa langu. Mwambie daktari.

Kaka yako


Tarehe 29 Agosti

Kaka,

Wote wazima. Mwanangu meno yanaota, mluzi umekwisha, nyumba imepoa.

Bahasha nilimpa Baba mkononi, nikatoka nikakaa ngazini. Sikusoma na sijui ulichoandika, ila sentensi moja, kwa sababu aliniita akaisoma kwa sauti akitaka kuhakikisha ni mwandiko wako kweli: "Nilisema usiambiwe kwa sababu nilikuwa naogopa mimi, sio wewe." Aliirudia mara ya pili kimoyomoyo, midomo inatembea. Kisha akauliza neno moja huku pembeni ni nini, nikamwambia ni jina la kidonge chake cha asubuhi. Umeliandika kwa herufi kubwa. Sijui umelitoa wapi. Sikuuliza.

Daktari nimemwambia kama ulivyosema. Alisema alishajua, kwamba mtu aliyeamua mwenyewe hatazami viatu vyake namna ile.

Jumanne Baba alitia sahihi. Alisoma karatasi yote kwanza, mistari ile midogo pia, akamfanya daktari amweleze maneno mawili. Alhamisi wamemfanyia, mkono wa kushoto. Daktari ameuwekea kipimo cha kusikilizia akasema damu inavuma vizuri. Baba sasa anamwita kila anayeingia aweke kidole asikie.

Usifikiri yamekwisha. Hajacheka na jina lako hajalitaja, anasema "huyo wa nguzo." Jana nilimuuliza nikuandikie nini. Alifikiri sana, akauweka ule mkono juu ya mto, kwa uangalifu, kama si wake.

"Mwambie nina hasira naye," alisema. "Hasira hii haienei kwenye bahasha. Aje niwe nayo mbele yake, ningali na nguvu za kuwa nayo."

Na mimi pia, Kaka. Njoo.

Pilipili